Shauri la Radka Zheleva na Kibali cha Bunduki

CHAMA CHA WASTAAFU WA UDHIBITI WA BIASHARA YA SILAHA
Tawi la Gorno Zhelyazovo, Bulgaria

Kikao cha kamati, Jumanne, 14 Novemba 2023, ukumbi wa maktaba ya mji

Waliohudhuria: Bi. Penka Dobreva (Mwenyekiti), Bw. Valko Stanchev (Mjumbe), Bw. Metodi Karastoyanov (Katibu), Bi. Radka Zheleva (Mwalikwa)

Asiyehudhuria: Bw. Iliya Minkov, kwa udhuru (amefanyiwa upasuaji wa nyonga)

Katibu anatanguliza: Daktari ameniambia sitaiona theluji ikiyeyuka. Kwa miaka kumi na saba nimeficha kwamba kosa lililomfukuzisha kazi Bi. Radka Zheleva si lake. Mengine yamo humu, kwa utaratibu wa kikao.

KUMB. NA. 1/2023: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Aliomba wajumbe wasivute sigara kwa ajili ya kifua cha Katibu. Bw. Valko alizima yake baada ya kuombwa mara ya pili.

KUMB. NA. 2/2023: OMBI LA BI. RADKA
Mwenyekiti alieleza kwamba rufaa ya Bi. Radka dhidi ya kufukuzwa kazi itasikilizwa Alhamisi, naye anaomba chama kimtetee. Alikumbusha kisa chenyewe: Bi. Radka, akiwa ofisa wa vibali, aliidhinisha shehena ya pili ya bunduki za kiwanda cha mji huu kwa jeshi la nchi mnunuzi. Baadaye bunduki za shehena ya kwanza zilionekana vitani, katika nchi jirani na mnunuzi iliyowekewa vikwazo vya silaha. Uchunguzi ulisema aliidhinisha bila kuhakikisha kwamba zile za kwanza bado zimo ghalani mwa mnunuzi.

Bw. Valko, aliyekuwa muuzaji wa kiwanda, alipinga. Alisema: "Sisi kazi yetu kuuza. Kukataa ilikuwa kazi yako, Radka. Ungekataa!"

Bi. Radka alijibu: "Wewe Valko ulinipigia simu kila asubuhi kuulizia kibali, mpaka mume wangu akadhani nina bwana." Wajumbe walicheka. Bw. Valko hakucheka.

KUMB. NA. 3/2023: UKAGUZI WA GHALA
Mwenyekiti alimtaka Katibu, ambaye serikali ilimtuma kukagua ghala la mnunuzi kabla ya kibali cha pili, aeleze alichokikuta.

Katibu alieleza kwamba alionyeshwa masanduku yaliyopangwa hadi darini, kila moja na lakiri ya idara ya ufungashaji ya kiwanda chetu. Mama yake Katibu alifanya kazi katika idara hiyo. Hapa mjini, sanduku likishapigwa lakiri halifunguliwi ovyo. Unyevu ukiingia chuma huota kutu, na wanawake wa ufungashaji huanza kupaka mafuta upya. Katibu aliitambua lakiri, akaridhika. Hakufungua sanduku hata moja.

Mwenyekiti alisema: "Kwa hiyo uliona mbao."

Katibu alikubali kwamba aliona mbao.

Bw. Valko alisema: "Mzee Metodi, hizo dawa zinakuchanganya. Penka, futa hayo." Mwenyekiti alimuuliza kama anajua kilichokuwamo. Bw. Valko alivaa koti lake, lakini hakutoka.

Bi. Radka aliomba kuuliza swali moja, akaruhusiwa. "Kaka Metodi, kwa nini uliwaambia wachunguzi kwamba sikukuuliza kitu?"

Katibu alianza kukohoa. Aliletewa maji.

KUMB. NA. 4/2023: UAMUZI
Iliazimiwa, kwa kura mbili dhidi ya moja, kwamba chama kimtetee Bi. Radka. Mwenyekiti alisema utetezi huo peke yake hautafika mbali mahakamani. Alisema hatasaini kumbukumbu hizi mpaka Katibu ajibu swali la Bi. Radka kwa mwandiko wake, bila kumtaja mama yake wala kutu.

KUMB. NA. 5/2023: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo. Banitsa, pai ya jibini aliyoioka Bi. Radka, haikuguswa.

Mwenyekiti: P. Dobreva (nimesaini baada ya kusoma maneno yaliyo chini)
Katibu: M. Karastoyanov

Jibu la Katibu: Radka alinipigia simu hotelini kabla ya kusaini kibali. Aliniuliza, "Umeyafungua?" Nilimwambia nimeyafungua yote, na bunduki zimo.