Cheti cha Salma

Matrah, Alkhamisi, 1968

Eti nitafute cheti cha kuzaliwa cha Salma! Wifi yangu kaandika kutoka London: huko mzazi akipeleka vyeti vya wanawe, serikali humpunguzia kodi kwa kila mtoto, hata aliye mbali. Ana watatu kule, na Salma pia anamtaka kwenye hesabu. Tangu tutoke Unguja kuja hapa Matrah, nnamlea mimi.

"Si mwanawe?" kanambia mume wangu. "Haki ya dada yangu hiyo."

Wivu unanila, Mungu anisamehe. Mie sikujaaliwa hata mmoja wa kumwandikisha.

Nimekitoa cheti sandukuni. Salma akauliza, "Mama, karatasi gani hiyo?"

"Ya mama yako."

Akacheka. "Basi yako. Mbona unaitoa?"