Umestaafu Mapema, Dada

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima, na safari hii neno hilo nimelihakikisha kwa daktari kabla ya kuliandika.

Unajua nilivyoanza kujikondesha. Asubuhi nakimbia, mchana chai kavu, jioni tango. Nguo zikanipwaya, ukanisifu, kichwa kikavimba. Hedhi ilipokatika niliona nafuu. Kazi ya saluni ni ya kusimama kutwa, nani anataka na maumivu ya tumbo juu yake?

Basi siku moja namsuka nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi zikakatika, kifua kikabana kama nimevishwa gauni la mtoto. Mwenzangu tunayemwita Redio akatangaza kwamba ni gesi. Aliyekuwa kwenye drai akasema ni mapenzi. Nesi hakubishana na mtu. Alinishika mkono, akasikiliza mapigo, akainuka akasema twende kliniki. Nilimwomba walau nimalize kichwa chake. Akaniuliza nikianguka atamaliziwa na nani. Tukatoka hivyo hivyo, nusu ya nywele zake mistari iliyonyooka, nusu zimesimama wima. Kule kliniki wagonjwa walimpisha yeye.

Daktari, mama mmoja mpole, alinipima moyo kwa mashine, akachukua damu. Kisha akauliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Nikadhani amekosea mgonjwa. Majibu yalipotoka akanieleza kwamba moyo wenyewe haujaharibika, ila estrojeni, ile homoni inayotoka kwenye ovari, imeshuka mno kwa mwanamke wa umri wangu, maana mwili unaoshindishwa njaa hufunga kwanza idara ya uzazi. Homoni hiyo huisaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Ikipungua mapema, moyo nao hupoteza mlinzi mapema. Nikamwambia nilidhani hayo ni ya waliokwisha koma hedhi. Akacheka, akasema wengi huja na wazo hilo, na wengine huchelewa nalo.

Niliogopa, dada, sikufichi. Sasa nakula. Nakimbia kidogo, nalala mapema, narudi kupimwa. Mwezi huu hedhi imerudi, nikampigia nesi simu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Lakini kilichonikalisha kuandika ni kingine. Daktari aliuliza kama kwetu yuko mwingine wa namna hii. Nikakutaja. Mwaka wa pili huu huoni hedhi, nawe hata arobaini hujafika. Kila nikikuuliza unacheka kwamba umestaafu mapema. Na nimekuona ukipanda ngazi za shule unayofundisha: unasimama katikati, mkono kifuani, ukijifanya unasoma matangazo. Daktari amesema huenda sababu yako si kama yangu, ila lazima ijulikane, na anakusubiri leo.

Ndiyo, leo. Ana kwa ana hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, ndiyo maana nimeandika. Shemeji hakuitoa barua hii posta. Nimemkabidhi mimi, niko hapa sebuleni kwenu, na tumeshapatana kwamba atabaki na watoto. Salamu za wengine nitakupa njiani.

Vaa viatu, dada.

Ni mimi akupendaye,
Kitinda mimba wenu