Maziwa ya Chiriku

Machi 3

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Huku wazima, isipokuwa baba yako. Kile kidonda cha mguuni kimegeuka donda ndugu, tumelazwa, dawa zote zimegonga mwamba na daktari ameanza kutaja msumeno. Ila jana alisema maziwa ya mama yana kitu kinachoua vijidudu vya vidonda sugu. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Wewe unanyonyesha. Kamulia kidogo kwenye chupa, tia barafu, mpe yule msusi jirani yako akija huku. Najua baba yako alikufukuza na mimba yako. Lakini mzazi hatupwi, mwanangu.

Mama yako


Machi 9

Mama, shikamoo.

Nashukuru kwa salamu. Mimi mzima wa viungo.

Mwanangu alifariki mwezi uliopita. Homa tu, ikamaliza kila kitu. Nilipiga simu nyumbani, baba akasikia sauti yangu, akakata hata sijafika kwenye neno lenyewe.

Maziwa nayo hayajui msiba. Yanakuja vilevile, yananilowesha sare nikipiga pasi mashuka ya hoteli, na msimamizi ananiambia nijifunge kitambaa, wageni wasione. Nayakamulia kwenye sinki.

Mzazi hatupwi, eti. Na mtoto je?

Chupa hiyo hapo. Sharti langu ni moja: mwambie ni ya nani.

Mwanao


Machi 20

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mama. Nimelia bafuni bomba likiwa wazi, baba yako asisikie. Mjukuu wangu sikumpakata hata mara moja.

Daktari alinikuta nakimwagia kidonda maziwa, akanifokea mpaka wodi nzima ikageuka. Kumbe hicho kitu bado wanakichunguza maabara. Wanakitoa kwanza kwenye maziwa, wanakichanganya na dawa. Maziwa yenyewe hayamwagwi kwenye kidonda, yanaweza kuongeza vijidudu. Nilisikia nusu. Akasafisha, akabadilisha dawa. Sasa kidonda kinakauka, mguu umenusurika. Baba yako haambiliki: yaliyomponya ni maziwa, basi.

Kuhusu sharti lako, nimemwambia ni ya jirani wa msusi. Unamjua kichwa chake. Angeimwaga chupa, mguu ukatwe. Ngoja apate nguvu.

Mama yako


Machi 24

Mama, shikamoo.

Nguvu gani tena? Mimi sitaki anipende, wala sitaki aniombe radhi. Nataka ajue tu. Mwambie akiwa ameshiba, na usimumunye maneno.

Mwanao


Aprili 6

Mwanangu,

Salama? Tumerudi nyumbani.

Nilifungua mdomo, haki ya Mungu. Akanitangulia. Alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda, ana furaha ambayo sijaiona tangu uondoke. Akasema yule mama apelekewe shukrani, watu wa namna ile wamebaki wachache. Halafu akaniuliza, "Mtoto wake anaendeleaje?"

Nikamjibu hajambo, anakua.

Lilinitoka tu, mwanangu. Nisamehe. Nitamwambia kesho.

Mama yako


Aprili 15

Mama,

Maziwa yamekata.

Usimwambie tena. Nimewaza sana, na nimeona hapo kwenu ndipo mahali pekee mtoto wangu yuko hai, na anayemjulia hali ni babu yake. Wacha akue.

Akiuliza tena, mwambie ameota jino.

Jirani wa msusi