Daktari Amenionya Juu ya Chumvi

Baba Mutinda,

Juzi nilikuwa kliniki. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mtoto wetu, alisoma faili yangu akakunja uso. Nikajua leo ni leo. Kisha akasema, "Mama, virusi havionekani kabisa kwenye damu yako. Ni presha yako inayonipa wasiwasi. Punguza chumvi, bado uko na miaka mingi." Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ningemweleza nini? Niko na miaka hamsini na sita, na ninaonywa juu ya chumvi kama wazee wengine wote wa Kivaa.

Siku ile tuliyopimwa, nilikuwa na mimba ya Mumbua. Tulikaa kwenye benchi ya dispensari, majibu yetu sawa, ukamwuliza nesi, "Tumebakiwa na muda gani?" Akasema tukimeza dawa kila siku bila kuruka, tutazeeka. Njiani ukaniambia, "Anatufariji tu. Sijaona mtu amezeeka na hii kitu." Sikukujibu. Kwa hilo bado najilaumu.

Ulimeza miezi minne. Ukanenepa, ukarudi shambani, ukatangaza umepona. Nilipokusihi uendelee, ulisema unaendelea. Baada ya mazishi nilipata chupa zako ghalani, chini ya gunia la mbaazi, hazijafunguliwa. Nilikaa pale chini nikakukasirikia vile sijawahi kumkasirikia mtu. Ulikufa, Baba Mutinda, na dawa yako iko hatua kumi kutoka kitandani.

Mwezi haukuisha, kaka yako Nzioka akaja na wazee. Alitaka shamba liandikwe jina lake, eti mimi sitavuna mara mbili. Mumbua alikuwa mgongoni. Nikawaambia, "Ni kweli niko na virusi, na kila jioni nameza dawa. Nipeni misimu kumi. Nikifa kabla, chukueni shamba." Mama yako, ambaye hakuwahi kunipenda sana, ndiye aliyesimama. "Huyu hatoki hapa," alisema. Wazee wakachukua kofia zao.

Misimu kumi ilipita, ikapita na mingine. Nzioka tulimzika mwaka juzi; figo zilipomshinda, uji wake nilipika mimi. Mumbua alipimwa mara tatu akiwa mdogo, hana kitu. Mutinda anafanya kazi kiwandani Athi River, na mtoto wake ananiita Susu, kama nyanya wote wa Kikamba, na kunivuta masikio kanisani. Pale chini uliposema udongo umekufa, nimechimba matuta, ndengu zinatoka vizuri.

Lakini wazee wa rika lako wakitoka kanisani wakibishana juu ya mvua, huwa natazama pembeni. Ungekuwa mmoja wao. Dawa zilikuwa zile zile. Nesi alikuwa yule yule.

Limebaki jambo moja. Mumbua anajua hali yangu, hilo sikumficha. Lakini anaamini wewe ulikufa kwa sababu dawa zilikuwa hazijafika kwetu. Mimi ndiye nilimwambia hivyo, kukulinda. Sasa kuna kijana wa Tala, na mwezi ujao watu wake wanaleta mbuzi wa kumposa. Sitaki Mumbua aanze nyumba yake juu ya uongo wangu. Tena anaweza kuolewa na mtu mwenye kiburi kama chako, anayeficha ugonjwa akidhani ndio uanaume. Ni vizuri ajue mapema mambo hayo huishia wapi.

Kwa hivyo nakuahidi, Jumapili hii baada ya ibada nitamketisha nimwambie yote. Nitamwambia uliogopa. Nitamwambia pia kwamba ulimbeba kifuani kila asubuhi mpaka mikono yako ilipokataa, na siku hiyo ukalia. Yote mawili ni yako, ayapate yote.

Pumzika, mume wangu. Hasira ilikwisha zamani, upendo haujaisha. Mimi bado niko na kazi nyingi huku, usinitazamie karibuni.

Wako,
Mama Mutinda