Gari Lililopakwa Mafuta Tumboni

Mama Zuhura wangu,

Salamu zikufikie huko uliko, ambako nasikia hakuna foleni ya feri. Sisi huku tungalipo, na foleni ingalipo. Barua hii naiandika wazi, asomaye na asome, maana mtaa mzima wa Shika Adabu hapa Likoni huyajua mambo yetu kabla sisi wenyewe hatujamaliza kuyafanya. Na usinicheke mwandiko. Wajua shule niliitoka darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kukubaliana kwamba hatufaani.

Sikai, bibi. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji. Nikikaa tu, mguu wa kulia waanza wenyewe kukanyaga mafuta. Toka asubuhi natoka barazani, naenda mpaka kwenye kona ya muuza makaa, naangalia, narudi. Jirani akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha. Nikamwambia la, kuna kitu nataka kukiendesha mimi.

Ni gari, Mama Zuhura. Dogo, zee, rangi ya mchicha uliolala. Bei yake ndogo mpaka niliona haya kuomba ipunguzwe. Nikaomba vivyo hivyo.

Usianze kuuliza mtu wa umri wangu ataka kwenda wapi. Nataka kuja kwako. Toka Idi ya Mfungo Mosi sijaja kukusomea Fatiha, na kila Ijumaa ikipita nahisi umenuna huko, ule mnuno wako wa kuosha sufuria kwa kelele. Kosa si langu peke yangu. Wewe ndiye uliyesema, "Mimi nikifa nizikeni kwetu Msambweni, na mama yangu." Nikakuzika kwenu. Sasa goti langu la kushoto limekula kiapo cha kutopanda bodaboda. Bodaboda wa mwisho aliyenitoa barabarani akanipeleka mpaka makaburini kwa ile njia ya mchanga alinishusha kama gunia la nazi, na nazi zenyewe husikitikiwa zikipasuka. Nikakusomea dua yangu nimejishika mnazi, sura imekunjamana, mpita njia akadhani ni huzuni. Nusu ilikuwa huzuni, nusu goti.

Na Zuhura, binti yako mwenye ulimi wako, ana shauri lake. Ataka nifunge nyumba nikaishi naye Changamwe. Amenitayarishia chumba, kina pazia la maua. Nilipomtajia gari alicheka hadi akashika ukuta.

"Baba, gari zee na dereva mzee. Nani atamsukuma mwenziwe?"

"Tutapokezana," nikamwambia.

Hakucheka tena. Akasema, "Mimi nitakupeleka kwa mama kila nikipata nafasi." Ni mtoto mwema, hasemi uongo. Lakini nafasi yake naijua. Ni kazi, ni watoto, ni feri, ni mvua, mara mwaka umekwisha. Nikienda Changamwe, bibi, maji yatakuwa kati yangu na wewe, na mimi nitakuwa mzee wa kusubiri kupelekwa. Hilo ndilo linaloninyima kukaa.

Wakumbuka pikapu yetu? Ile niliyokuwa nikibebea nazi kwenda Kongowea. Wakumbuka siku ya harusi ya binti wa dada yako? Umevaa, umejifukiza udi mpaka feri nzima ikageuza shingo, umekaa upande wako kama mke wa liwali. Tukashuka pale kwenye mteremko, gari likaruka kidogo, nikasikia, "Yallah!" Kandambili yako ya dhahabu ilikuwa imekwenda. Kutu ilikula sakafu upande wako kimyakimya, wewe ukafunika tundu kwa kipande cha jamvi, na siku ile jamvi na kandambili vikatoka pamoja chini ya gari. Magari ya nyuma yakavikanyaga. Nikataka kusimama. Ukanizuia.

"Twende. Watu watazama uso."

Ukaingia harusini na kiatu kimoja, ukacheza kuliko mama wa bibi harusi. Mimi nilikutazama miguu usiku kucha. Astaghafirullah, na kwingine pia.

Kesho yake ukaniamuru, na sikuwahi kukupinga ulipokuwa umefunga leso kiunoni. Fundi akachomelea bati kwenye sakafu, kisha tukaanza ile kazi yetu ya kila mwaka kabla ya masika. Watu wote wa Likoni wenye magari waijua: chumvi huanzia chini, kwa hiyo gari hupakwa oili chafu tumboni. Mimi nalala juu ya jamvi, brashi mkononi. Wewe umechutama, kopo la oili mkono mmoja na tochi mkono wa pili, wanisimamia kama nyapara wa bandari.

"Pale umeacha."

"Wapi?"

"Pale. Kwani wapaka au wabembeleza?"

Kisha ule ufundi wako uliouleta kutoka jikoni. Oili ikiwa mbichi, ulitaka tuipeleke pikapu mara moja kwenye barabara ya vumbi huko Ngombeni, vumbi liishike mafuta ligande. "Kama samaki kwenye unga," ulisema, "chumvi itagonga ukoko tu." Mafundi walitucheka. Pikapu yetu ikaishi kuliko wawili wao.

Sasa sikiliza niliyoyaona jana.

Mwenye kuuza ni dalali mmoja, Kasimu, kijana wa hapahapa Likoni, kanzu nyeupe, mafuta ya mawaridi. Akaniamkia vizuri, shikamoo mpaka chini, nikajua naibiwa. Akasema, "Mzee wangu, hili gari ni la bara. Limeletwa wiki hii kutoka Eldoret. Wallahi halijaonja chumvi."

Nikamwambia, "Mashaallah. Basi nipe jamvi."

"Jamvi la nini tena?"

"Nataka kulisalimia kwa chini."

Watu wakaanza kujaa, wajua Likoni haina uhaba wa watu wasio na kazi. Nikalala, nikajivuta chini ya gari, goti likilia kama mlango wa choo. Na kule chini, Mama Zuhura, nikakuta ukoko. Oili na vumbi, oili na vumbi, tabaka juu ya tabaka, mweusi, mgumu, umefuata kila kona. Nikaukwaruza kwa ufunguo wa nyumba. Ndani yake bati ni zima. Nani wa Eldoret alalaye chini ya gari kupaka oili chafu? Ya nini? Hilo ni gari la pwani, lililolalwa chini yake na mtu wa pwani, tena zaidi ya mwaka mmoja.

Nikacheka peke yangu kule chini. Na bila kufikiri nikatoa mkono nje nikasema, "Nipe kopo."

Mkono ukabaki pale nje, wazi.

"Kopo gani, mzee?" Kasimu akauliza.

Wallahi sikutoka kwa muda. Nikawaambia goti limenasa. Wakanivuta kwa miguu kama papa.

Nilipojifuta macho, nikausingizia mchanga, nikamuuliza Kasimu mbele za watu, "Huyu mtu wa Eldoret alikuwa akivukia feri gani?" Watu wakapasuka. Kasimu akatazama viatu vyake, kisha, haki yake nimpe, akasema kweli. Gari ni la mzee mmoja wa Kisauni. Macho yamemwishia, hawezi tena kuendesha, wanawe wameliuza.

"Mbona ukasema la bara?"

"Mzee, nikisema la pwani nani atalinunua?"

"Mimi," nikasema. Likanitoka hilo kabla sijalitafuna.

Kisha nikaketi kwenye usukani. Gia za mkono, bibi, ndiyo maana rahisi, vijana wa siku hizi hawazitaki. Na klachi i kushoto, alipo mgonjwa wangu. Nikaikanyaga. Iliniuma. Nikaikanyaga tena, ikaniuma kidogo. Nikalizungusha mpaka msikitini na kurudi, nikavuka matuta yote bila kuzima. Basi nikarudi nyumbani na moyo nusunusu. Gari lanifaa, hilo najua. Nisilojua ni kama mimi nalifaa. Na yule mzee wa Kisauni hanitoki. Alipaka miaka yote ile, na mwisho kilichoisha si gari.

Kasimu amesema atalishikilia mpaka alasiri ya leo. Baada ya hapo kuna mwingine atakaye la kubebea kuku. Kuku!

Ngoja. Kuna mtu agonga.

Nimerudi. Alikuwa Zuhura. Amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vya ofisi, nadhani jirani amempigia simu kumwambia babako hakai chini. "Shikamoo baba, liko wapi hilo jeneza?" Nikaitikia marahaba, tukaenda mpaka kona ya muuza makaa. Sikumsihi. Nilikwenda nikichechemea kuliko ilivyo lazima, lakini hilo ulinifundisha wewe.

Akalizunguka. Akapiga teke tairi, sijui nani aliwaambia watu kwamba tairi hujibu. Kisha akakunja sketi akachutama, akawasha tochi ya simu, akatazama chini kwa muda mrefu. Alipochutama vile nilitazama kando. Mgongo ule ni wako.

"Baba."

"Naam."

"Huyu mwenyewe alipaka vizuri. Lakini pale, nyuma ya tairi, aliacha."

Kasimu alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu, wa kulia huo.

Zuhura akasimama, akapangusa mikono. Akasema, "Sitaki ununue. Nasema mbele ya mashahidi. Sitaki." Kisha akanitazama goti, akalitazama gari. "Na ukinunua, masika yakikaribia nani atakushikia kopo?"

Nikasema sina mtu.

Akazima tochi. Muuza makaa akaacha kupima makaa yake. Mwisho Zuhura akasema, huku amegeukia upande wa barabara nisimwone uso, "Jumamosi huwa siendi kazini."

Basi, Mama Zuhura, alasiri haijaadhiniwa bado na funguo ziko mfukoni mwangu, nazishikashika, bado sikai. Ijumaa nakuja. Nikichelewa usiniwekee mnuno, nitakuwa Ngombeni kwenye barabara ya vumbi, nabembelezana na klachi. Nitakuja taratibu, madirisha wazi.

Na kabla ya injini, kabla ya breki, kabla ya kitu chochote, nilikagua sakafu upande wako. Niliipiga ngumi mpaka mkono ukaniuma. Ni nzima. Waweza kuvaa viatu uvipendavyo.

Mumeo asiyekaa,
Baba Zuhura