Nimeulizia Bima, Nyumbani Wananiombea Kama Mgonjwa

Mpendwa Bi Tufaha,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Doha, naomba unisikilize mpaka mwisho na usinicheke, maana wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni fundi viyoyozi, kwetu Kipalapala, mkataba wangu unakwisha mwezi ujao na narudi nyumbani moja kwa moja nimwoe Kabula, binti wa kijiji cha Choma, ambaye posa yake ilishapokelewa na tarehe tumeshaipanga.

Sasa huku matibabu yangu yanalipiwa na kampuni, lakini siku nikiondoka bima hiyo inakatika, na mwenzetu mmoja, Renatus, alirudi kwao Sikonge bila bima yoyote, hata mwezi hakumaliza akaanguka na pikipiki akavunjika nyonga, ndugu wakachangishana mpaka ikawa aibu, basi nami nikasema yasinikute, nikamtumia dada yangu Getruda ujumbe wa sauti kumwomba aende mjini akaniulizie ni hospitali zipi za Tabora zinapokea bima, na kama bima hizo zinagharimia kulazwa na upasuaji. Hapo ndipo nilipojichongea. Getruda aliufungua ujumbe kwa sauti ya juu akiwa kwenye sala za jumuiya, mama yuko pembeni yake na akina mama wengine wamekaa mkekani, wakasikia kulazwa, wakasikia upasuaji, wakaunganisha na habari kwamba narudi jumla, wakamaliza wenyewe. Jumapili iliyofuata jina langu lilisomwa kanisani kwenye maombi ya wagonjwa.

Bi Tufaha, mimi ni mzima! Nimemwambia mama hivyo akanijibu, "Mwanangu, hata marehemu baba yako alisema hivyo hivyo." Nimempigia simu ya video nikapiga pushapu mbele yake, akaanza kulia eti nimekonda. Godoro langu wamelihamishia karibu na mlango nisihangaike kutoka usiku, na jirani ameshaleta kuku wa supu, anafugwa ananingoja.

Hayo yote ningevumilia, lakini habari zimefika Choma. Mshenga wangu, Mzee Sixbert, aliitwa na baba yake Kabula akaambiwa, "Ndoa isubiri. Aje kwanza tumwone. Mimi sitoi binti aende kuuguza." Na Kabula mwenyewe, niliyetegemea atanitetea, ananiambia kwenye simu, "Vale, kama unaumwa niambie, kama huumwi sawa, wewe njoo tu, nitakuuguza." Niliumia mno, nikakata simu, kwani kama hata yeye haniamini, nani ataniamini? Tangu juzi sipokei simu zake.

Getruda anasema niachane na hiyo bima, nifike mikono mitupu, watu wanione sina kadi wala dawa, ndoa ifungwe, mengine baadaye. Wakala wa bima niliyeongea naye kwa simu anasubiri jibu langu. Nikijiandikisha naogopa kumkosa Kabula, nisipojiandikisha namkumbuka Renatus. Nifanye nini mama yangu?

Valentino, Doha

*

Marahaba, Valentino.

Unisamehe, nimecheka, huyo kuku ndiye aliyenishinda. Nilipomaliza kucheka nikakasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Mpigie Kabula. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Hivi ulisikia alichokuambia? Binti anadhani unaumwa, anajua baba yake hataki, na bado anakuambia uje. Kuna watu wamefunga ndoa, ya kanisani na ya msikitini, wamekaa miaka na miaka wala hawajui kama wenzao wangewauguza. Wewe umeambiwa mapema, tena bila kuuliza, ukanuna! Mwombe radhi, na umwambie sasa ndiyo umemsikia.

Mama yako usimpigie tena pushapu. Alishaambiwa "mimi mzima" na mume aliyekuwa anaumwa, kwa hiyo maneno hayo kwake hayana uzito tena, na nakuomba usimwone mkorofi kwa hilo. Kapime afya yako yote huko huko kabla bima ya kampuni haijakatika, uje na majibu mkononi. Ukifika mkapime tena wewe na Kabula, pamoja, kama wachumba wengi wanavyofanya siku hizi kabla ya ndoa. Baba mkwe wako hajataja anachokiogopa, nami sitamtajia, lakini sote tunakijua, na kipimo kitamjibu. Ikitokea majibu yana neno, usilifiche. Wa kwanza kulisikia awe Kabula.

Bima usiiache. Getruda anakupenda, ila ushauri wake ni wa kukutia hasarani. Huyo wakala mbane kwa maswali wala usione haya. Inaanza kufanya kazi siku gani? Nyingine unalipia leo halafu unaambiwa usubiri kwanza, na huo muda wa kusubiri ndio wa hatari. Kama kuna pengo, tafuta bima ya muda ya kukuvusha, ukiwa na hakika kwamba inatumika Tanzania. Akutajie hospitali za Tabora, siyo za Dar es Salaam tu, kisha Getruda, kwa kuwa kelele hizi alizianzisha yeye, aende kuzithibitisha kwa miguu yake. Wakikuuliza habari za afya yako sema kweli tupu, maana ukidanganya watakukatalia siku ile ile unayoihitaji.

Na kuna kosa lako moja hukuliona. Uliulizia bima ya mtu mmoja. Una tarehe ya ndoa mfukoni, unaulizia kulazwa kwako na upasuaji wako, mkeo hayumo! Mimi ningekuwa mkwe wako ningeshtuka pia. Uliza leo utaratibu wa kumwongeza mke mkishapata cheti cha ndoa, na uliza habari za uzazi, kwa sababu nako mara nyingi kuna kusubiri.

Ukishatua, usitume ujumbe wa sauti kwa mtu yeyote. Pumzika siku moja kwa mama, kisha panda na Mzee Sixbert mpaka Choma. Baba mkwe wako hakukataa ndoa, alisema isubiri, kwa hiyo mlango uko wazi. Msalimie kwa adabu, mpe majibu ya vipimo, mweleze bima ni nini na kwamba jina la binti yake litaingia humo, ili akiugua au akijifungua usianze kutembeza bakuli. Atakusikiliza, najua, maana ni baba na anaogopa kama baba. Halafu atakuuliza, kwa maneno yake mwenyewe, siku mwanangu akiugua huko kwenu atauguzwa na nani.

Usimtajie kadi hapo. Mwambie, "Na mimi, mzee."

Bi Tufaha