Simba wa Kaisari

Mdogo wangu Miggin,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini u mzima hapo ngomeni, wewe na farasi wako. Mama anakusalimu. Miguu bado inamsumbua, lakini ulimi ni mzima, wala hajakusamehe kuvaa mkanda wa Warumi. Mimi nakula na kutembea. Zaidi ya hapo usiniulize.

Najua habari za binti yangu Gidde zilikufikia, maana ulituletea pole kupitia kwa wachuuzi wa chumvi. Lakini hukuambiwa yote, nami nataka uyasikie kwangu, ujue unakula mkate wa nani.

Simba alianza na mbuzi wa Baric, jirani yetu. Baric na wenzake wakashika mikuki, kama Baba alivyokuwa akifanya. Kabla hawajatoka, akaja msimamizi wa wanyama wa michezo, akatutangazia kwamba simba wote wa milima hii ni mali ya Kaisari, wanangojewa uwanjani Kartago, na atakayemjeruhi hata mmoja atakiona cha moto. Tungoje watu wenye nyavu. Baric akamuuliza, "Na huyo simba, bwana, naye ameambiwa angoje?" Watu wakacheka. Baric akachapwa fimbo kwa swali hilo.

Tukangoja. Tulivuna shayiri huku tukipiga vyungu kama wendawazimu, ili mali ya Kaisari isitukaribie. Sehemu kubwa ya mavuno ikachukuliwa kwenda bandarini kuilisha Roma, na wenye nyavu hawakuonekana. Mchana mmoja nilimtuma Gidde chemchemini, pale pale ulipomfundisha kurusha mawe. Mtungi niliukuta mzima.

Msimamizi alikuja tukiwa matangani. Nilidhani ametuletea pole, nikampa kiti. Akakaa, akataka kujua kama tulipomfukuza yule simba pale chemchemini tulimrushia chochote. Akaniuliza mimi, "Hakuumia?" Miggin, hata jina la mtoto hakuuliza! Hasira ya siku ile haijanitoka hadi leo. Wanachukua shayiri, wanachukua vijana kama wewe, na hata mnyama anayekula watoto wetu ni wao.

Yaliyofuata unayajua, maana ni kikosi chenu kilichotumwa. Simba alikutwa ametundikwa mtini kando ya njia, karibu na kinu cha zeituni, kama mababu walivyokuwa wakifanya ili simba wengine waone waogope. Wakamkamata Baric kwa sababu ya mdomo wake. Nasikia amefungwa hapo hapo unapolinda, anangoja kupelekwa uwanjani kutupiwa wanyama.

Mwachieni. Si yeye. Shimo nililichimba mimi, pale chemchemini. Nikamfunga mbuzi wangu kando yake, na simba alipotumbukia nilimchoma kwa mkuki wa Baba mpaka akanyamaza. Mama alinisihi tumfukie humo humo, mtu asijue. Ningemsikiliza, Baric angekuwa kwake leo. Lakini tangu lini simba aliyeua mtu akafukiwa kwetu? Nilimvuta kwa ng'ombe wetu hadi njiani, Mama akinifuata nyuma analia, nikamtundika mahali ambapo kila mpita njia atamwona. Nilitaka aonekane. Sikufikiri ni nani atakayelipa.

Kwa hiyo nakuja mwenyewe. Ukiipata barua hii nitakuwa njiani. Ukiniona langoni usijifanye hunijui, maana ni mgongo huu uliokubeba. Mama nakuachia wewe. Msalimie Baric, umwambie mkewe hajambo, na mbuzi wangu waliobaki nimewapeleka kwake.

Na msimamizi akipita hapo, mpe jibu lake, kwa kuwa siku ile nilishindwa kufungua kinywa. Mwambie ndiyo, aliumia.

Ni mimi dada yako,
Nonnica, mama yake Gidde